Ziwa Limefungwa

Siku ya pili tangu kiboko apindue mtumbwi wa kaka yangu Yowasi, tulikuwa bado hatujampata. Kwetu hapa ziwani, chini ya Kikorongo, mtu akizama, ziwa linafungwa. Mitumbwi inapinduliwa ufukweni, hatuvui, wala hatupeleki samaki soko la Bwera. Chombo kinachoingia majini ni cha kutafuta tu, mpaka marehemu azikwe.

Saa nne ikaja boti ya watalii. Kiongozi wao, Bright, kijana wa Kasese, huwashusha wageni hapa kila Jumamosi, wapige picha, wanunue vikapu vyetu. Akanivuta kando. Alinipa pole, kisha akasema wageni wamekuja kuona uvuvi. Tuingize mtumbwi mmoja tu, turushe nyavu dakika kumi. Tukikataa, kampuni itahamia kijiji kingine.

Hasira zikanipanda. Huyu Bright alifundishwa kuogelea na Yowasi mwenyewe, leo anataka tumchezee maigizo juu ya maiti yake!

Mzee Tefiro, mwenyekiti wetu, akanisihi nitulie, nifikirie kijiji. Nilimjibu kwamba mimi namfikiria kaka yangu. Nikakaza kitenge, nikapanda boti yao, nikaketi kiti cha mbele kabisa.

"Dada Ithungu, unafanya nini?" Bright akauliza.

"Boti yako imeingia na ziwa iko imefungwa," nikasema. "Basi leo inatafuta mutu. Washa injini."

Akasema atafukuzwa kazi. Nikamwambia afukuzwe, si atakuwa hai?

Wageni wakataka kujua kuna nini. Bright aliwaeleza huku akitazama chini, nao wakarudi botini mmoja mmoja. Mama mmoja mwenye darubini akaketi karibu nami. Nilimwonyesha matete, nikashika kilemba changu cha bluu, ajue shati la Yowasi lilikuwa la rangi hiyo.

Tulizunguka hadi saa nane. Hakuna aliyepiga picha. Kisha yule mama akashusha darubini, akanishika mkono. Bright akazima injini, akavua viatu, akaruka majini, akaogelea alivyofundishwa.

Kampuni ikahama kweli. Wahame tu. Vikapu vyangu nitaviuza Bwera, na kaka yangu ana kaburi.