Sarafu ya Aliyejitanda Shela

Haya nilisimuliwa na Tsvetana, jirani yangu, vuli iliyopita tukichoma pilipili hoho uani kwake. Bado alikuwa na nguo nyeusi za msiba.

Mwanawe, Lazar, alichimba sarafu za shaba za Warumi ukingoni mwa mto Danubi, penye makaburi yao ya kale. Alitoboa handaki kama panya, bila hata nguzo moja. Mama mtu ndiye aliyezisafisha. Anaziloweka kwenye mafuta, kisha anakwangua kutu ya kijani kwa mwiba, polepole.

Mkesha wa Krismasi alikuwa akikanda ule mkate wa kuficha sarafu ndani. Atakayeipata, mwaka ni wake. Lazar akamletea kasarafu kasikozidi ukucha wa kidole gumba. Maandishi yamelika, ila kichwa kinaonekana, kimejitanda shela.

"Mtakatifu Elena huyu, mama. Mama yake mfalme Konstantino. Mtie humo atulinde."

Akamtia.

Jioni wakaketi watatu, yeye, Lazar na Kamen, kaka yake Tsvetana, aliyezeekea kwenye biashara ya sarafu hizo. Tsvetana akamega mkate: kipande cha kwanza cha Mama wa Mungu, kinachofuata cha nyumba, ndipo wakala watu. Lazar akauma, jino likagonga.

"Eh! Mwaka wangu huu!"

"Usije ukaimeza bahati yako," Kamen akamtania. "Hebu lete."

Akaigeuza chini ya taa. Akaacha kutafuna.

"Nani kakwambia huyu Elena?"

"Si ana shela, mjomba?"

"Elena nywele zake huonekana, zimesukwa. Huyu dume. Tazama nyuma: gari, farasi wanne, na juu mkono unashuka toka mbinguni. Hii waliipiga Konstantino alipokwisha kufa. Shela hiyo ya maiti. Na mkono huo unamchukua."

Tsvetana akapiga ishara ya msalaba. "Mwanangu, kesho usishuke shimoni."

"Mama nawe! Mfalme mzima kaja mezani kwetu, unamfukuza?"

"Mvua imenyesha juu ya theluji. Udongo ule sasa ni uji."

"Nimeshauona mdomo wa chungu cha sarafu, mama. Nikichelewa wenzangu wataniwahi. Alfajiri naenda."

"Msikilize mamako, we punda," akasema Kamen.

"Punda huyu ndiye anayekunywesha raki, mjomba."

Kamen akacheka kidogo, akaaga, akaenda kwake kulala. Vyombo havikuondolewa mezani, maana usiku ule wafu huja kula. Lazar naye akajitupa kitandani, punde anakoroma.

Tsvetana akachukua viatu vya mwanawe vya kuchimbia, akakaa navyo mapajani karibu na mlango. Alikusudia kukesha. Akija kuvitaka, amshike miguu, amlilie, hata amtukane, mradi asitoke. Nje theluji ilikuwa ikiyeyuka, inadondoka kutoka paani. Jiko lilikuwa na moto mzuri, na mikono yake ilikuwa imechoka kukanda. Kichwa kikainama, akakiinua. Kikainama tena, akakiinua tena, akayatazama maharage yaliyopoa mezani. Halafu usingizi ukamchukua. Alipozinduka kumekwisha kucha, viatu havikuwapo tena mapajani.