Pai Sitini za Hannah

Wiki ya pili ya Desemba mwaka 2005, Peres na wenzake watatu wa kamati ya kanisa walifika Mutuini kwa Hannah na sukari kilo mbili na mkate, naye akajua mara moja kwamba wamekuja kumfukuza kazi. Watu hawakuletei sukari na sura za huruma hivi hivi. Walikunywa chai, wakasifu kabichi zake, wakasali, ndipo Peres akatoa lililowaleta.

"Mama Wahome, hiyo mikono imefanya kazi ya kutosha. Mwaka huu wewe pumzika tu. Keki tutanunua za duka, huko tao mjini."

Kwa miaka ishirini na saba Hannah ndiye aliyepika pai za Krismasi, zile ndogo za zabibu na viungo ambazo waumini walikula kwa chai baada ya ibada. Alijifunza akiwa msaidizi wa jikoni katika shule moja ya bweni, na hakuna aliyewahi kumwingilia katika kazi hiyo. Sasa baridi yabisi ilikuwa imemkamata vidole. Hata kufunga kifungo cha sweta ilikuwa shughuli. Lakini kupumzika, kwa lugha ya kamati, ni kuketishwa pembeni na wale wanaopelekewa chai na kusemeshwa kwa sauti ya juu. Hannah alikuwa na miaka sitini na tisa na masikio mazima.

"Pai zitakuwa mezani," akasema. "Sitini, kama kawaida. Shiku atanisaidia."

Shiku, mke wa mwanawe Wahome, alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Satellite, na chapati zake zilikuwa na sifa Mutuini nzima. Msichana mzuri. Kasoro yake moja tu, alimbeba mama mkwe kama yai.

Zabibu zilikuwa tayari zimelowekwa tangu Novemba pamoja na matufaha, maganda ya machungwa, mdalasini na karafuu. Kitabu cha zamani cha mapishi kinadai brandi na mafuta ya figo ya ng'ombe. Hannah aliokoka mwaka wa sabini na nne, kwa hiyo brandi ikapisha chai ya rangi kali na ndimu. Naye Bhoomi wa Ngara, aliyemuuzia viungo miaka yote, hali nyama, kwa hiyo mafuta ya figo yakapisha siagi ili naye apate sahani yake ya Krismasi.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne Shiku akamwekea kigoda mlangoni. "Mum, wewe kaa hapo kwa jua. Kukanda niachie mimi."

Hannah akakaa. Punde akasikia donge likipigwa mezani, pu, pu, pu, kisha ngumi zikifanya kazi. Shiku alikuwa anaukanda unga wa pai kama anavyokanda wa chapati, kwa maji moto na kwa nguvu zake zote. Hannah angeweza kusema neno. Hakusema. Aliambiwa apumzike, akapumzika, na tusimtakase bure, moyoni alifurahi kidogo.

Kumi na mbili za kwanza zilitoka nzuri za kutazama. Shiku akauma moja, akaacha, akaigonga mezani. Ikalia.

"Hii ni mawe, Mum. Na si nimekanda vizuri?"

"Umekanda vizuri mno. Shida ni hiyo."

Shiku akaketi, unga umempanda hadi viwikoni, machozi yakaanza kumtoka. Furaha ile mbaya ikamtoka Hannah, na hofu ikaingia mahali pake. Pai hizi zikifika mezani, Peres hatahitaji kusema chochote. Akainuka.

"Sogea. Niletee maji ya kisima, yale baridi kabisa. Na usiniambie pole."

Akatia vidole kwenye unga na siagi. Viliuma, tusidanganyane. Havikuweza kukunja ngumi, havikuweza kusukuma wala kupiga. Viliweza kusugua tu, kwa ncha, polepole, mpaka siagi ikapotelea ndani ya unga na bakuli zima likawa chengachenga. Akanyunyiza maji kijiko kimoja kimoja, akalikusanya donge, akaliacha.

"Ni hivyo tu?" Shiku akauliza.

"Ni hivyo tu. Huu ukiukanda unakaza. Unaguswa, halafu unaachwa."

Hapo Hannah mwenyewe akashtuka. Mikono ambayo watu wanne walikuja kuifanyia matanga ilikuwa imebakiwa na kazi moja inayoiweza, na kazi hiyo ndiyo pai yenyewe. Akacheka mpaka Shiku akadhani maumivu yamemzidi.

Shiku akasukuma, maana kusukuma hana mpinzani, na kukata akakata kwa mdomo wa glasi. Wakaoka kwa sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ilipofika saa kumi jioni pai sitini zilikuwa zimepangwa mezani. Ya sitini na moja ilivunjika mdomoni mwa Shiku, akafumba macho.

"Waah, Mum," akasema.

Siku ya Krismasi keki za tao zilikuja ndani ya makasha na zikarudi ndani ya makasha. Peres alikula pai ya kwanza akiwa amesimama, ya pili akakaa, ya tatu akaifunga kwa karatasi na kuiteremsha kwenye mkoba akidhani hakuna anayemwona. Hannah alimwona.

Watu walipopungua, Peres akaja na daftari la kugawa kazi za mwakani. "Pai naandika nani? Shiku?"

"Andika Hannah."

"Na mikono, Mama Wahome?"

"Mikono ndiyo imepika, Peres. Andika."

Peres akaandika, na Hannah akasimama palepale mpaka akaona jina lake limekamilika.