Kimombo cha Chumba cha Pasi

"Hang on!" wanawake wakaitikia kwa pamoja, mvuke wa pasi ukiwapanda puani. Yaani, subiri kidogo. "No worries!" Yaani, usijali, hamna shida. Mwalimu, mpwa wa meneja wa hoteli, alifundishia mlangoni, joto lisije likamharibia shati.

Mama Pasi alianza kunyoosha mashuka ya hoteli ile kabla kifungua mimba wake hajaota meno, na hakuwahi kuonana na mgeni hata mmoja. Jamani, shuka linajua Kiingereza? Lakini meneja alishasema: kila mtu ajue kimombo cha mtaani, kile wanachoongea wageni wenyewe, na atakayefeli mtihani aende zake. Upuuzi mtupu! Ila nyumba nzima ilimtegemea yeye, basi akakariri akipika, akakariri akioga, mpaka binti yake akachoka kucheka.

"Mama, amewafundisha back off?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Niondokee, usinisogelee."

"Hiyo hajatufundisha."

"Makubwa! Na ndiyo ingewafaa kwanza."

Siku ya mtihani walipangwa mstari mle mle kwenye chumba cha pasi. Meneja mwenyewe akajifanya mgeni. Akamrushia Mama Pasi taulo bichi kifuani.

"No worries," akajibu.

Meneja akamwita mjinga.

"No worries."

Mwalimu akachekelea. Meneja akasogea, harufu ya pombe ikimtangulia mchana kweupe, akamshika kiuno, vidole vikaanza kuteremka. Wanawake wakainamisha vichwa. Si mara ya kwanza kuviona vidole vile.

"Mgeni anatania tu," alisema mwalimu, macho yake dirishani. "Unamjibuje?"

Jibu lililotakiwa alilijua, no worries ile ile. Wote walilijua. Lilimpanda kooni kama matapishi, akalimeza.

"Back off!"

Mkono ukaachia. Pasi zilikuwa zikifoka mvuke peke yake.

"Matamshi safi," mwalimu akasema, bado hamtazami. "Lakini umefeli."

Mama Pasi akavua aproni, akaitupa juu ya lile taulo. Kesho watoto watakula nini, Mungu ndiye ajuaye.

"Anayefuata!" meneja akafoka.

Aliyefuata alikuwa mfua taulo, mwanamke wa ulimi mzito ambaye hata "hang on" ilimshinda. Hakusogea kwa meneja. Alimshika Mama Pasi mkono.

"Dada, hebu rudia polepole," akasema. "Umemwambiaje?"