Meza ya Maureen

Kanisani wananilaumu kwa kupoteza ukumbi. Ukumbi! Nisikieni, basi, kwa maana hadithi hii wanaisimulia nusu nusu. Hugues alitoka Ubelgiji hadi Birmingham kufuata picha moja, ya pekee duniani yenye uso wa babake. Na mimi Angeline, kiongozi wa maombezi, ndiye niliyeichoma.

Sikuwapenda wale watu wa Wicca, na bado siwapendi. Ukumbi uko mtaa wa Nechells, nyuma ya maghala. Jumapili ulikuwa wetu, Jumamosi mchana wao: watu saba, wengi wastaafu, na mkubwa wao Maureen, aliyekuwa mpishi wa shule. Wanajiita wachawi bila aibu! Kwetu Vihiga mtu akiitwa mchawi anahama. Huyu kaliandika jina hilo kwenye ubao wa matangazo, na chini yake tangazo la kuuza keki. Wanaoka mikate, wanawapelekea wagonjwa supu, na majirani wanawapenda. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Miaka miwili nilimsalimu Maureen mara moja tu, tena kwa bahati mbaya.

Neeta, msimamizi wa ukumbi, alikuwa ametuonya sote: kundi litakaloanzisha ugomvi mwingine litatoka. Nasi tulikuwa tumeshafukuzwa kumbi mbili kwa kelele.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba nilifika wa kwanza kupanga viti. Pale mbele, mahali petu pa kuhubiria, walikuwa wameacha meza yao. Kitambaa cheusi, mishumaa, matufaha, duara la chumvi, na picha za watu. Na katikati ya chumvi, Yesu wangu, Mama Marie-Claire! Dada yetu wa kanisa, tuliyemzika Agosti. Pichani bado msichana, kasimama na mwanamume fulani.

Ukikuta picha ya marehemu wako kwenye meza ya mchawi, huna haja ya kuelezwa: wamemla. Mchungaji Séverin, Mkongo wa Uvira, alipoingia hakuuliza hata swali.

"Ile kitu ichomwe, Maman Angeline. Tout de suite, sasa hivi."

Tukazikusanya picha zote, fremu na vyote, tukazitia kwenye ndoo ya bati huko uani. Nikamwaga mafuta ya upako, nikawasha kiberiti kwa mkono wangu. Akina mama walikemea mpaka wakapwelewa na sauti. Mimi niliimba. Nilifurahi, sitadanganya.

Ibada haijaisha, Maureen huyo akaingia, na nyuma yake mwanamume wa miaka thelathini hivi. Alikuwa Hugues, mtoto wa Marie-Claire. Karatasi zake za kusafiria zilichelewa, hata maziko hakuyawahi. Alitusalimu kwa heshima, kwa Kiswahili cha kwao, akaeleza kwamba babake aliuawa Bukavu kabla yeye hajazaliwa. Mama yake alimwambia kwa simu kuwa picha ya baba huyo ipo, ameiacha kwa jirani yake, Maureen.

Jirani! Kweli walikaa mlango kwa mlango. Marie-Claire alilala hospitali wiki sita. Sisi tulikwenda mara mbili, na mara ya pili tulimkuta Maureen kando ya kitanda, tukageukia mlangoni. Kumbe ile meza ni desturi yao ya kila Oktoba, kuwawekea nafasi wapendwa waliowafia mwaka huo.

Maureen aliitazama meza tupu. Akatoka kwenda uani, akarudi na kipande cha fremu kilichoungua. Mchungaji akamwahi Hugues: "Picha imepotea, mwanangu. Tutaitafuta."

Hugues hakujua Kiingereza, na Maureen hakujua kingine. Maureen akanigeukia mimi.

"Wewe, tafsiri. Usiongeze, usipunguze."

Alisema kama anamfukuza mbwa jikoni.

"Mwambie sikuipiga picha kwa simu, kwa sababu haikuwa yangu. Lakini nimeitazama na mama yake jioni nyingi. Mwambie babake alikuwa na mwanya."

Nikatafsiri. Hugues akagusa meno yake.

"Shati la mistari, kifungo cha juu hakipo. Kainamisha kichwa kidogo, kushoto, jinsi kijana huyu alivyosimama sasa. Mkono wake uko begani kwa Marie-Claire, na Marie-Claire anajizuia kucheka."

Nikatafsiri yote. Hugues alikuwa analia bila kujificha. Maureen pia alilia, lakini mimi hakunitazama.

"Sasa mwambie nani aliichoma."

Mchungaji akanena upesi upesi kwa Kiingereza: nifikirie ukumbi, nifikirie watu themanini, niseme imepotea. Na watu themanini wote walikuwa wananikodolea macho. Nilimchukia Maureen wakati ule kuliko siku zote.

"Anasema nikwambie nani aliichoma," nikamwambia Hugues. "Ni mimi, mwanangu. Nilidhani wamemroga mama yako."

Nilingoja matusi. Ningeyapokea, hata kofi ningelipokea. Lakini alifuta uso kwa mkono wa koti, akanisogelea, akauliza taratibu, kwa adabu aliyofunzwa na mama yake:

"Basi wewe ndiye wa mwisho kumuona baba, mama. Macho yake yalikuwa namna gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikumtazama.