Maiti ya Mama Sifuri

Kila mwaka Zlatina, mhasibu wa kiwanda cha nguo pale Gabrovo, Bulgaria, aliipunguzia thamani mashine ya kufuma ya fundi Dobri kwa fungu lilelile la uchakavu, hadi katika vitabu vya hesabu thamani yake ikabaki sifuri. Dobri akawa anamcheka mbele za watu: "Mama Sifuri! Maiti yako bado inafuma!"

Zlatina akayaweka moyoni maneno hayo.

Siku moja mwenye kiwanda mpya, Mjerumani, akapita kukagua, Zlatina akimtafsiria. "Hii bado inafanya kazi?" akauliza mbele ya mashine ya Dobri. Dobri akatikisa kichwa huku na huku kwa majivuno, kama Mbulgaria yeyote anayesema ndiyo. Kwa Mjerumani hiyo ni hapana. "Basi iuzwe," akasema. Zlatina aliliona kosa waziwazi, akanyamaza.

Jumatatu wakaja watu wa vyuma chakavu na nyundo zao. Dobri akamkimbilia Zlatina. "Dada yangu, si ulimwambia kwamba ni nzima?"

Zlatina akainua kidevu mara moja, taratibu, kama Mbulgaria yeyote anayesema hapana.

"Maiti ni yangu, Dobri," akasema. "Naizika nitakavyo."