Maziwa ya Mkuu wa Shule

Ieleweke tangu mwanzo kwamba Gregori hakuwa na nia mbaya. Katika miaka yake yote ya bweni hakuwahi kuwa nayo, jambo ambalo walimu wa nidhamu wamelipinga kwa maandishi mara kumi na moja. Alichotaka Ijumaa ile jioni ni kulinda jagi la maziwa lisinywewe. Jokofu la jikoni, katika shule yao ya Kibaha, lilikuwa na sheria moja tu: aliyewahi ndiye mwenye mali. Basi akabandika karatasi kwenye jagi, akaandika kwa mwandiko wa heshima: MAZIWA YA MKUU WA SHULE. Kisha akaenda kulala kwa amani ya mtu aliyetenda haki.

Maziwa yenyewe yalikuwa ya Hajira, mwenzake wa kidato cha tano, na ndani yake mlikuwa na kazi ya miezi saba. Hajira ana bibi yake kule Janga, mwenye ng'ombe wawili, ambaye akinywa kikombe kimoja tu tumbo linavimba na kunguruma. Sukari ya maziwa huhitaji kimeng'enya cha kuikata vipande viwili, kimoja kikiwa glukosi, na matumbo ya watu wazima wengi hayana cha kutosha. Kimeng'enya hicho kinauzwa, lakini ukikitia kwenye maziwa ndiyo kimekwenda. Huwezi kukitoa ukakitumia tena.

Hajira akatafuta njia ya kukitoa. Alitengeneza vumbi jeusi la madini ya chuma, chembe ndogo kiasi kwamba maelfu yake yangeweza kujipanga katika upana wa unywele mmoja. Juu ya kila chembe Hajira aligandisha kimeng'enya, kama fundi aliyefungwa kwenye kiti chake huku mikono ikibaki huru kufanya kazi. Kazi ikiisha, unaegesha sumaku ubavuni mwa chupa. Weusi wote unahamia upande ule na kutulia; unamwaga maziwa, unatia mengine, na kimeng'enya kilekile kinaanza upya. Shuleni alikitumia mara kumi. Gregori, ambaye hajawahi kumwonea mtu wivu ila watoro waliofanikiwa, alitazama zote kumi.

Jumamosi gari la shule likawapeleka Kisarawe, kwenye maonyesho ya sayansi ya shule za sekondari. Meza yao ilikuwa ya kumi na tisa. Hajira akafunua jagi. Ikatoka harufu ya iliki.

Mwalimu Honorata, aliyewasindikiza, akampigia simu Jenifa mpishi. Jenifa akaeleza kwa fahari kwamba alfajiri alikuta maziwa ya mkuu ni mabichi, na yeye si mtu wa kumpa mkuu wa shule maziwa mabichi. Aliyachemsha yakafurika mara tatu, akatia iliki, akayarudisha yote kwenye jagi. Ule weusi alidhani ni masizi ya sufuria yake, akaona aibu kuutaja.

Hajira akakusanya chembe kwa sumaku. Zilikuja kwa utii uleule. Akazitia kwenye maziwa mapya, akasubiri, akachovya kijiti cha kipimo cha sukari, kinachoona glukosi pekee, alichoazimwa na nesi wa zahanati. Kipimo hakikuona kitu. Kimeng'enya kikishachemka ni kama yai lililochemka. Halirudi kuwa bichi. Vijiti vilibaki saba.

Gregori akamsogelea, akanong'ona. "Nje pale kuna duka lina glukosi ya kopo. Kijiko kimoja kila kikombe. Kipimo hakijui imetoka wapi."

"Mimi najua."

"Majaji hawajui."

"Bibi atajua," Hajira akasema. "Tumbo lake halidanganywi na kopo."

Gregori akairudisha pesa ya kopo mfukoni.

Hajira akafungua boksi la barafu. Alikuwa amebeba vitu viwili vya kuonyesha tu: kichupa cha chembe tupu na tone la kimeng'enya lililobaki. Kuvigandisha pamoja kulitaka kutikisa polepole, bila kupumzika, kwa saa mbili. Mashine ya kutikisa ilikuwa Kibaha. Majaji walikuwa meza ya pili. Akalitia tone kwenye kichupa, akamkabidhi Gregori, naye akakipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto wa kubatizwa.

Akatikisa. Alitikisa majaji wakiwa kwenye sabuni ya muarobaini, akatikisa wakiwa kwenye roketi ya chupa ambayo haikuruka. Watu waliomjua walipita wakimuuliza amepewa adhabu gani, naye akaendelea kutikisa.

Jaji, Daktari Flaviana, mama mfupi mwenye miwani, alipofika alisoma bango na kuinua nyusi. "Mmeandika mara kumi, binti."

"Shikamoo, daktari. Kumi nilifanya shuleni, daftari ni hili. Leo nina muda wa kukuonyesha tatu tu, maana hizi zimezaliwa asubuhi hii." Akaweka chupa mbili mbele yake. Zote nyeusi, zote zilifuata sumaku. Moja haikubadili kitu kwenye maziwa. Ya pili ilikipandisha kipimo mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kikashuka kidogo tu.

Daktari akanyoosha mkono achukue kikombe aonje. Hajira akakisogeza mbali. "Samahani. Bado sijathibitisha kama ni salama kunywa."

Jaji akainama, akainusa chupa ya kwanza. "Na hii iliyokufa, mbona inanukia iliki?"

Hajira akafungua mdomo, lakini Gregori alimtangulia. "Ni mimi, daktari," akasema, akaeleza habari ya karatasi yote, bila kupunguza, bila hata kujipamba. Jaji hakucheka. Aliuliza yalichemka dakika ngapi, akaambiwa hakuna saa iliyotumika, yalifurika mara tatu. Akaandika hivyo hivyo.

Jioni ikatangazwa kuwa meza ya kumi na tisa imeshika nafasi ya pili. Gregori alitaka kupiga makofi, mikono ikagoma kupanda, akaishia kupiga miguu sakafuni mpaka mtu wa mbele akageuka. Hajira hakusikia. Alikuwa ameinamia meza, sumaku mkononi, akimwaga maziwa ya mara ya nne.