Anayesimama Kwenye Mashine

Mwaka huu nilipojiunga na shule ya ufundi hapa Koboko nilikuwa na miaka sitini na saba, na mwalimu wa umeme, Bwana Abiriga, ni mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Siku ya kwanza aliponiona mlangoni alinipa kiti, akaniuliza nimemleta mjukuu yupi. Nikamwonyesha fomu yenye jina langu, Muzamili, na chini yake jina la kozi: ufungaji wa umeme wa biashara na viwanda. Aliisoma mara mbili. Kisha akanionyesha dawati la mbele, nami nikakaa.

Sikwenda kule kujifunza umeme. Umeme niliujua. Katika ujana wangu nilisoma shule ya jioni mjini Arua, baada ya kazi ya mchana katika duka la vipuri. Kitabu cha umeme nilikinunua mwenyewe, nikakisoma na kamusi kando mpaka jalada likang'oka. Nimefunga nyaya za maduka, bekari, misikiti na nyumba za wageni kuanzia Arua hadi hapa, na hakuna jengo langu lililoungua. Nilichokosa ni karatasi. Tangu umeme mkubwa wa taifa uvuke Nile kuja kwetu, jengo la biashara haliunganishwi mpaka fomu yake isainiwe na fundi mwenye kibali, na kibali hakipatikani bila cheti.

Ningeweza kukaa nyumbani na kulaumu. Wazee wenzangu wanafanya hivyo kwa ustadi. Lakini kulikuwa na mashine ya kijiji cha Dranya.

Ni mashine ya kusaga ya kikundi cha akina mama, na marehemu mke wangu Kadijah alikuwa mmoja wao, kwa sababu tulikuwa na shamba la muhogo kule. Iliendeshwa na injini kuukuu ya dizeli iliyoupa unga harufu ya moshi. Kadijah aliwaambia wenzake mbele yangu, "Siku umeme ikifika hapa, mzee yangu ndiye atafunga. Musitafute mutu mwingine." Walicheka, wakapiga makofi. Kadijah alifariki mwaka juzi. Nguzo zilifika Dranya baada ya mazishi yake, na mwenyekiti wao, Mama Susana, akaniletea fomu ya kuunganishiwa umeme. Wangenisubiri mpaka mwisho wa Juni, alisema. Baada ya hapo wangetafuta fundi mwingine.

Hiyo ndiyo kazi niliyoitaka. Nyingine zote wazichukue vijana.

Ni lazima nieleze jinsi mimi na Kadijah tulivyokuwa tukifanya kazi. Mara nyingi swichi kuu iko chumba kimoja na mashine iko kingine, na anayeweka umeme haioni mashine. Kwa hiyo tulikuwa wawili. Mimi nilisimama kwenye swichi. Kadijah alisimama kwenye mashine, akifukuza watoto na kuku na wateja wenye leso zinazoning'inia karibu na mkanda. Niliita, "Naweka!" Yeye alitazama kila upande, ndipo akajibu, "Weka!" Asipojibu, sikuweka, wala sikuita mara ya pili. Nilishusha mkono, nikarudi kukagua kazi yote tangu mwanzo. Mara nyingi alikuwa amenyamaza kwa sababu ya mtoto mbishi tu, lakini tuliifanya kuwa sheria, na sheria hiyo ilitulinda miaka thelathini. Mpaka leo nikiwasha taa ya sebuleni mdomo wangu unasema "naweka" bila kuniomba ruhusa, na nyumba inanyamaza.

Darasani tulikuwa ishirini na mmoja, na kazi za karakana hufanywa wawili wawili, kwa hiyo mmoja lazima abaki. Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na saba, Shakirah, mwenye sauti ya kuuza samaki sokoni. Alikuwa na mwenzake Annet, na wiki ya kwanza aliniita.

"Mzee, kuja kwetu, tuwe watatu. Annet anaogopa shoti, mimi naogopa hesabu. Wewe unaogopa nini?"

"Nimefunga umeme kabla mama yako hajavaa viatu," nikamjibu. "Nimezoea kufanya peke yangu."

Hilo la mwisho halikuwa kweli, lakini hakuna aliyejua.

"Haya, Mzee Nyekundu," akasema, na darasa likacheka.

Jina hilo lilitokana na rangi za nyaya. Zamani nyaya tatu zenye moto, yaani fezi, zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na waya wa kurudi, nyutro, ulikuwa mweusi. Sasa zimebadilishwa. Fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Waya mweusi nilioushika miaka arobaini kama kitu kipole ndio sasa wenye moto. Siku ya kwanza ya karakana nilikwenda stoo kuomba waya mwekundu, na mtunza stoo akanitazama kama niliyeomba mafuta ya taa ya kuwekea simu chaji.

Nilijifunza. Niliandika rangi mpya kwenye kadi, nikaibandika juu ya kitanda, upande ambao hakuna anayelala tena. Bwana Abiriga aliponiuliza darasani nilijibu kabla hajamaliza swali. Kichwa kilijua. Mikono sikuiuliza.

Wenzangu wangefanya mtihani Novemba. Mimi nilimwomba Bwana Abiriga aniandikishe katika ule wa Juni, pamoja na watahiniwa wa nje.

"Mzee, mtihani ya vitendo inataka watu wawili," alisema. "Mmoja kwa swichi, mmoja kwa mota. Chukua Shakirah asimame tu."

"Sitaki mtoto wa kusimama tu."

Alijikuna shingo kwa kalamu, akaandika jina langu peke yake.

Kazi ya mtihani ilikuwa kufunga mota ya fezi tatu. Paneli na swichi kuu vilikuwa karakana ya mbele, mota chumba cha nyuma. Kebo ya nyaya tano shule ilikuwa imeshaifunga upande wa paneli. Mimi nilitakiwa kuiingiza kwenye stata, kile kisanduku cha kuwashia na kuzimia mota, kisha kutoka hapo hadi kwenye mota yenyewe. Muda ni saa tatu. Mtahini alikuwa mama mfupi mwenye miwani, aliyetoka Arua.

"Mwenzako iko wapi?" aliuliza.

"Niko peke yangu, madam."

"Nani atajibu ukiita?"

"Nitaita tu. Najua kazi."

"Alama ya kujibiwa itapotea. Endelea."

Nilifanya kazi nzuri. Sisemi hivyo kujisifu, yeyote aliyepita aliiona. Nyaya nilizikunja kwa pembe moja, kila moja nikaikata kwa urefu wake kamili, bila hata kipande cha ziada cha kujificha. Zilibaki dakika kumi na mbili nilipofunga kifuniko cha stata, nikaenda kwenye swichi kuu, nikaweka mkono.

"Naweka!" nikaita.

Hakuna aliyejibu. Bila shaka hakuna. Nilijua kwamba chumba cha nyuma ni kitupu, nilikuwa nimekifunga mlango mwenyewe. Hata hivyo mkono ulishuka.

"Mzee, weka," alisema mtahini. "Hakuna mutu kule, nimeangalia."

"Nisamehe, madam. Sijajibiwa."

Nilirudi kwenye stata, nikafungua kifuniko. Nilianza juu kabisa kama ninavyoanza siku zote, na sikufika mbali. Waya mweusi ulikuwa umekaa kwenye nyutro. Wa bluu ulikuwa kwenye fezi, mahali pa mweusi. Ulikuwa umenyooka vizuri, umekazwa vizuri. Mikono yangu ilikuwa imefanya kazi ya mwaka elfu moja mia tisa themanini na nane. Kama ningeweka, koili ya stata ingepata volti mia nne na kumi na tano badala ya mia mbili na arobaini. Ingeungua mbele ya macho ya mtahini.

Kubadilisha nyaya mbili ni kazi ya dakika tatu, kwa mtu aliyeacha urefu wa ziada. Mimi nilikuwa nimezikata kamili. Ule wa bluu haukufika mahali pake, ulipungua upana wa kidole. Ilinibidi nitoe kebo yote, niivute, niimenye upya. Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho, kengele ikalia.

Mtahini alikuja akainama, akatazama ndani ya stata muda mrefu.

"Kosa umeliona mwenyewe," alisema. "Na sasa iko sawa. Lakini saa imekwisha, na mota haijazunguka. Rudi Novemba."

"Ndiyo, madam."

"Na uje na mutu."

Nilipanda bodaboda siku hiyo hiyo kwenda Dranya, kwa sababu habari kama hiyo haitumwi kwa simu. Mama Susana alikuwa kibarazani anachambua maharage.

"Sikupita," nikamwambia.

Mikono yake haikusimama. "Kadijah angesema nini?"

"Angenyamaza."

"Basi mimi pia nitanyamaza." Alitupa jiwe dogo uani. "Lakini Baba, Novemba iko mbali. Injini imekufa kabisa, wamama wanabeba mahindi kichwani mpaka Koboko."

"Tafuteni fundi mwenye kibali," nikasema. "Msinisubiri."

Alitaka nikae nile. Nilisema nina shughuli mjini. Sikuwa na shughuli.

Walimpata fundi kutoka Arua, anaitwa Ronnie, kijana wa miaka thelathini mwenye koti la kung'aa na mita mpya. Siku ya kuwasha Mama Susana alinitumia ujumbe nije, kwa heshima ya Kadijah. Nilivaa shati la Idi. Ronnie alipokuwa anakunywa maji nilizunguka kazi yake yote nikitafuta kosa. Sikulipata. Hata urefu wa ziada alikuwa ameuacha.

Akina mama walikuwa wamejaa chumba cha mashine, na watoto wao mgongoni na miguuni. Swichi kuu ilikuwa nyuma ya ukuta, katika stoo ya mahindi.

"Haya wamama, naenda kuweka," alisema Ronnie.

"Nani anasimama kwenye mashine?" nikamuuliza.

"Msaidizi yangu iko na kazi kule Vurra. Hapa inatosha, mzee, mashine si ng'ombe."

"Wewe ita. Usiweke mpaka mutu ajibu."

"Nani atajibu?"

"Mimi."

Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaenda. Mimi nikasimama pale ambapo Kadijah angesimama, hatua moja kutoka kwenye mkanda, mgongo kwa ukuta. Niliwarudisha watoto nyuma. Nilimwambia mama mmoja afunge leso yake.

"Naweka, mzee!" Sauti ya Ronnie ilikuja ndogo kupitia matofali.

Nilitazama ukuta uliotutenga. Sikuiona swichi. Sikuiona mikono yake. Nilikuwa nimekagua kazi yake kwa macho yangu na bado niliogopa, maana kama amekosea mahali nisipopaona, kosa lake lingenifikia mimi kabla ya kumfikia yeye. Kadijah alisimama hivi miaka thelathini, na hakuwa na kitabu cha umeme wala mita. Kila aliposema "weka" alikuwa amesimama karibu na kosa langu, na hata siku moja hakuniuliza kama nina uhakika. Mimi nilidhani kazi yake ni kufukuza kuku.

Akina mama walianza kunigeukia. Ronnie, namshukuru, alingoja.

"Weka!" nikajibu.

Mota ilinguruma, mkanda ukaruka mara moja, ukatulia. Vigelegele vilijaa chumba. Walimimina debe la kwanza la mahindi, na Mama Susana akanitia unga mkononi, wa vuguvugu, usio na harufu ya moshi hata kidogo. Niliondoka wakiwa bado wanaimba. Nilitembea sehemu kubwa ya njia, ngumi imefumbwa, na nilipofika nyumbani na kuifumbua, unga ulikuwa umeshikamana kama udongo. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Novemba imebaki wiki tano. Sijamwomba Shakirah. Kila asubuhi naingia karakana na maneno tayari mdomoni, nakaa dawati la mbele, nayameza. Nimewahi kuomba watu vitu vikubwa kuliko hiki, na sijui kwa nini hiki kinakwama.

Jana Annet hakuja, ana malaria. Shakirah alimaliza stata yake peke yake, akaenda kwenye swichi kuu, akaita kwa mazoea, "Naweka!" Kisha akakumbuka hakuna mtu. Akasimama pale, mkono hewani, akitazama mlango wa chumba cha nyuma. Halafu akaushusha mkono.

Nilifunga daftari. Nilipita mbele yake bila kumtazama, nikaingia chumba cha nyuma, nikasimama kando ya mota, mgongo kwa ukuta.

"Mzee Nyekundu," aliita kupitia ukuta, "umeenda kulala huko?"

"Nimesimama. Ita vizuri."

Kisha, bila mzaha safari hii: "Naweka!"

Nilitazama mota, nikatazama sakafu, nikautazama mlango. Sikuharakisha. Halafu nikamjibu.